Behewa la Mwisho

Huko Nakuru, mji ambao reli iliufikia mwaka 1900, mzee mmoja aliyepata kuwa gadi alinitolea behewa la gadi alilolichonga kwa mbao, kadiri ya kiganja.

"Haya, Bwana, hukumu. Ndilo au silo?"

Nikaisifu rangi. Akatikisa kichwa. Akanionyesha kwanza magurudumu: reli ile ya kale ina upana wa mita 1, si milimita 1,435 kama nyingi za Ulaya. Kisha breki ya mkono. Mwisho, kitaa chekundu cha nyuma: stesheni masta akikiona, hujua gari limefika zima, hapana behewa lililokatika likabaki gizani kungoja kugongwa.

"Lisilo na taa hiyo ni sanduku tu."

Nikanyamaza. Nasi watunzi, ubeti wetu hujulikana uzima wake kwenye kituo.