Pakiti Hamsini kwa Sekunde, Kila Sikio na Zake

Spika za masikioni za bei ya chini huunganishwa na kompyuta kwa Bluetooth, na muda si mrefu zinatoa sauti. Mwenye shimesikio, vifaa vya kusaidia kusikia vilivyomgharimu mara nyingi zaidi ya hizo, akijaribu vivyo hivyo mara nyingi kompyuta haina habari navyo. Wakati wa mkutano wa mtandaoni anabaki kuinamia spika ya kompyuta. Jambo hili linaniuma, kwa sababu dawa yake ipo na si ghali.

Chanzo ni umeme. Shimesikio nyingi hutumia betri ndogo kama kifungo cha shati, yenye volti 1.4 hivi, na Bluetooth ya kawaida ya muziki ingeimaliza upesi. Watengenezaji wengi wakachagua Bluetooth inayotumia umeme kidogo, ambayo wakati huo haikuwa na njia rasmi ya kupitisha sauti. Apple walibuni njia yao mwaka 2013. Mwaka 2018 Google wakatangaza ya kwao, ASHA, ikaingia kwenye Android 10 mwaka uliofuata. Tofauti kubwa ni kwamba maelezo ya ASHA yamechapishwa wazi, hivyo fundi yeyote anaweza kuyasoma na kuyafuata.

Hapo ndipo inapoingia Raspberry Pi Pico W, kibao cha mikrokontrola kilichotoka mwaka 2022 kwa dola 6. Unashikilia kitufe chake kimoja, unakichomeka kwenye USB, na kompyuta inakiona kama flashi. Unadondoshea humo faili la programu, kazi imekwisha. Programu ikiwa ya kupeleka sauti kwa njia ya ASHA, kibao kinajitambulisha kwa kompyuta kuwa kadi ya sauti. Kompyuta inakipa sauti bila kujua inaelekea wapi.

Kazi ngumu inaanza ndani. Sauti inafika kama sampuli 16,000 kwa sekunde kwa kila sikio. Kibao kinaibana kwa kodeki ya G.722, kiwango cha kimataifa cha mwaka 1988, hadi kilobiti 64 kwa sekunde, yaani robo ya ukubwa wa mwanzo. Kila milisekunde 20 inatoka pakiti ya baiti 160 za sauti na baiti moja ya namba ya mfuatano. Kodeki hii huigawa sauti mafungu mawili: chini ya hezi 4,000 hupata biti sita, juu yake biti mbili. Hilo fungu la juu lisidharauliwe. Simu ya kizamani ilikata sauti karibu na hezi 3,400, na mwenye usikivu hafifu akashindwa kujua kama ameambiwa "futa" au "suta".

Shimesikio ya kulia na ya kushoto ni vifaa viwili, kila kimoja na muunganisho wake. Pakiti za upande mmoja zikichelewa, sauti inakatika sikio hilo au inaonekana kuhamia upande mwingine. Tena saa ya kompyuta na saa za shimesikio haziendi sawasawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni huzaa sampuli 2,880 za ziada au za upungufu kwa saa moja, karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Programu isiyosawazisha hilo itasikika vizuri dakika kumi za mwanzo, kisha ianze kukwaruza. Ndiyo maana mimi huijaribu kwa hotuba ndefu, si kwa wimbo mmoja.

ASHA hupeleka sauti upande mmoja tu, kwa hiyo katika mkutano maneno yako yatapita kwenye maikrofoni ya kompyuta. Mfumo mpya wa LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020, unaruhusu pande zote mbili, ila shimesikio nyingi zilizomo masikioni mwa watu leo hazina mfumo huo.

Sauti ya ASHA hupangwa kwa namba kutoka -128, ambayo ni kimya, hadi 0, ambayo ni ya juu kabisa. Shimesikio imekwisha kurekebishwa na mtaalamu kulingana na upotevu wa usikivu wa mwenyewe. Kwa hiyo programu ianzie chini, na anayeivaa ndiye apandishe.