Kijana Anakesha na Daftari, Mbona Anasahau?

Katika ziara zetu sharikani wazazi wengi hutueleza jambo moja: kijana anasoma, tena sana, lakini mtihani ukifika hakumbuki. Lawama huangukia simu. Simu ina sehemu yake, ila tuanze na namna anavyosoma.

Mtoto wa shule ya serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Asiyeelewa sentensi huikariri. Hurudia daftari mara tano, maneno yakazoeleka machoni, naye akadhani amejua.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio kuhusu jambo hili. Wanafunzi walisoma kifungu. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakaandika waliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja walikuwa nyuma: asilimia 42 kwa 56. Ndiyo maana anayekesha huamini kabisa kwamba yuko tayari. (Katika kipaimara nasi tuna kosa hilo. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ni maswali na majibu. Sisi tumeifanya ya kughani tu.)

Asiyefikia kiwango katika upimaji wa kidato cha pili hurudia darasa. Namkumbuka binti wa usharika mmoja aliyerudia. Mwaka uliofuata alikuwa mjini akifanya kazi za ndani. Daftari zake zilikuwa safi kuliko za wenzake wote.

Marafiki nao wana nguvu. Kundi likikutana kunakili, naye atanakili. Likikutana kuulizana maswali, atajiandaa asije akaaibika. Kwa hiyo tunashauri vikundi vya vijana wanne au watano, daftari zimefungwa, kila mmoja aeleze somo kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Simu moja yenye mitihani ya miaka iliyopita inatosha kikundi kizima. Nyingine zikae kapuni mlangoni, maana kila mlio hukata wazo.

Kamati za sharika, ukumbi wenu hukaa mtupu jioni za Jumatatu hadi Alhamisi. Ufungueni saa mbili tu, mzee mmoja wa kanisa awepo. Na wafadhili wetu wanaouliza walete nini: kwa kumbi zisizo na umeme, leteni taa za sola kabla ya vitabu.