Mazoezi ya Pamoja Katika Ulimwengu wa Mtandaoni: Hukumu na Tahadhari Zake

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahali zake na Maswahaba zake.

Ndugu katika imani, vikundi vya joging vimeenea katika miji yetu, Mbeya ikiwemo. Ni jambo la kheri kwa afya, lakini dada wa Mwanjelwa au Sisimba anayehifadhi hijabu yake hukuta humo mavazi ya kubana, muziki na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Leo kuna njia nyingine: kufanya mazoezi ukiwa chumbani kwako, pamoja na watu walio mbali, ndani ya ulimwengu unaotengenezwa na kompyuta. Je, inafaa? Wanachuoni wamesema kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu, basi tuanze na kufahamu.

Inavyofanya kazi

Njia ya kwanza ni miwani ya uhalisia pepe, kama Meta Quest. Mtu huivaa usoni na kushika vishikio viwili mikononi. Kifaa hupima kichwa na mikono vilipo, mara nyingi kwa kila sekunde, na vipimo hivyo husafiri kwa intaneti. Wenzako huona kikaragosi, maarufu kama avata, kikirusha ngumi au kuchuchumaa kama unavyofanya. Mwili wako hawauoni, ila sauti huisikia ukiiruhusu.

Njia ya pili ni kamera. Mwaka 2010 Microsoft ilitoa Kinect, iliyosoma mwili mzima bila mtu kushika chochote. Sasa hata simu ya mkononi inaweza: mfumo wa Google uitwao MediaPipe hutambua nukta 33 za mwili. Tofauti yake na miwani ni kubwa, kwa sababu hapa kamera inakutazama wewe mwenyewe. Kuna programu zinazofanya hesabu ndani ya simu, na kuna zinazotuma video nje.

Asili yake ni ruhusa

Mambo ya kidunia asili yake ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alimsifu Muumini mwenye nguvu, kama ilivyo katika Hadithi ya Muslim, na alishindana mbio na Mama Aisha (Radhiya Allahu anha), kama alivyopokea Abu Dawud. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki.

"Ni kikaragosi tu, nani atanijua?"

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao walichunguza mienendo ya wachezaji zaidi ya 50,000 wa mchezo wa Beat Saber. Kwa sekunde 100 tu za mwendo wa kichwa na mikono, kompyuta ilimtambua mchezaji kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 94.

Hili si geni kwetu. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Mujazziz al-Mudlijiy, aliyewakuta Zayd na mwanawe Usama wamelala, vichwa vimefunikwa na miguu iko wazi. Akatambua kwa miguu tu kwamba ni ya mtu na mwanawe, na Mtume akafurahi. Kufunika uso hakuondoi alama zote za mtu.

Kwa hiyo mwendo wako nao ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje. Uliza kabla ya kubonyeza "nakubali".

Masharti ya kuzingatia

1. Wanawake wajumuike na wanawake, katika chumba cha mwaliko na watu wanaofahamiana. Avata ya kike si ushahidi kwamba nyuma yake kuna mwanamke.

2. Penye kamera, vaa sitara kamili hata ukiwa peke yako. Video ikishatoka huna uwezo wa kuirudisha.

3. Zima muziki. Programu isiyoruhusu hivyo, iache.

4. Wanachuoni wametofautiana kuhusu picha za kidijitali. Anayefuata kauli ya kuruhusu, achague avata yenye stara na ya jinsia yake.

5. Miwani huziba macho, na wakati hupita bila kuhisi. Weka kengele ya Swala.

6. Usinunue kifaa kwa fedha ya ada ya watoto au kwa mkopo wa riba.

Asiye na miwani hajapungukiwa. Akina dada watano wanaweza kuunganishwa kwa simu ya sauti, kamera zimezimwa, mmoja akihesabu na wengine wakifuata, kila mmoja nyumbani kwake. Humo umo umoja, imo afya na imo sitara. Mwenye hali ya pekee, kama ugonjwa au ujauzito, amuone daktari kwanza, na mwenye shaka katika hukumu amuulize sheikh wa msikiti wake.

Tunamuomba Allah atupe afya ya miili na atusitiri duniani na Akhera. Aamin.

Wallahu a'lam.