Jangwani wakati wa baridi: Kiu isiyosikika ni hatari

Je, unajua kwamba mtu aweza kupungukiwa na maji mwilini huku amejifunika shali kwa baridi? Watu wengi hudhani jangwa ni hatari wakati wa jua kali tu. Mimi pia nilidhani hivyo hadi Januari 2019, nilipoandamana na familia ya dada yangu, aliyeolewa Muscat nchini Oman, kwa gari hadi Salalah. Ni mwendo wa kilomita 1,000 hivi, na sehemu kubwa ni jangwa tupu.

Huo ndio msimu wa baridi kule, na ndio wakati familia nyingi hufunga safari. Mchana jua si kali. Usiku utatafuta blanketi. Tulikuwa watu saba. Mkubwa wetu alikuwa mama mkwe wa dada yangu, bibi wa miaka 71, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye Kiswahili chake kilinifanya mimi wa Nairobi nione haya kufungua mdomo.

Tulibeba tende, chapati, chai na maji tele. Lakini kila bibi alipopewa kikombe cha maji alikataa. "Baridi hii, maji ya nini, wanangu?" Tulipoupita mji wa Adam, nchi ikawa tambarare hadi upeo wa macho, alimnong'onezea dada yangu sababu ya kweli. Hakutaka kumsimamisha mwanawe kila saa amtafutie choo. Na kujisitiri nyuma ya gari kando ya barabara, kwake ilikuwa aibu kubwa.

Kufikia saa nane mchana alilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Tukadhani ni uchovu. Baadaye akaanza kumwita mjukuu wake kwa jina la nduguye aliyefariki zamani. Tuliposimama kwenye kituo cha petroli karibu na Haima, alishuka, akapepesuka, akaanguka.

Hospitalini aliwekewa dripu, na daktari akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: anatumia dawa gani? Kumbe miongoni mwa dawa zake za shinikizo la damu kulikuwa na vidonge vinavyofanya figo zitoe maji na chumvi zaidi. Alikuwa amevimeza asubuhi, kama kawaida.

Mwili unapohisi baridi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hubana ili joto lisipotee. Damu nyingi hurudi sehemu za ndani, na mwili hudanganyika kwamba una maji ya kutosha. Kiu hupungua, mkojo nao huongezeka. Wakati huo huo hewa kavu ya jangwani huchukua maji kupitia pumzi na ngozi, na jasho hukauka kabla hujaliona. Kwa wazee mambo huwa mabaya zaidi, kwani hisia ya kiu hufifia kadiri umri unavyosonga.

Basi usingoje kiu. Mpe kila msafiri chupa yake, anywe mafunda machache mara kwa mara. Tazama rangi ya mkojo: ukiwa wa manjano hafifu ni sawa, ukiwa kama chai ya rangi, maji hayatoshi. Kabla ya kuondoka mwambie mzee wako waziwazi mtasimama wapi na vyoo viko wapi. Kusimama kila baada ya saa mbili pia husaidia damu isigande miguuni. Aliye na ugonjwa wa moyo au figo, au anayemeza vidonge kama vya bibi, amwone daktari kwanza aelezwe kiasi cha kunywa. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wala usidhani hayo ni ya Uarabuni tu. Anayelala Marsabit, ambako ukungu humvalisha mtu sweta, kisha akateremka jangwa la Chalbi, aweza kuyasahau maji vivyo hivyo.

Usiku ule dada yangu alibaki na bibi. Sisi wengine tulipiga hema nje ya mji. Baridi ilipozidi, kijana wetu mmoja akaingiza ndani jiko la makaa tulilochomea nyama. Shemeji yangu alilitoa mbio, na kwa ukali ambao sikuwa nimeuona kwake. Makaa, hata yaliyokwisha kushika vizuri, hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Ukishtuka usiku kichwa kinauma na unahisi kichefuchefu, mtoe kila mtu nje kwanza, kisha mkimbilie hospitali. Sisi tulivaa soksi mbili mbili tukalala.

Siku ya tatu daktari aliturejeshea bibi. Alikaa kiti cha mbele, chupa mapajani, na tukasimama kila kituo cha petroli hadi Thumrait.