Nani Anapima Joto la Reakta?

Mpenzi msomaji, ukisikia neno «nyuklia», labda wewe wa Bagira unafikiri ni mambo ya Wazungu na Warusi tu. Kumbe reakta ya kwanza ya Afrika nzima iliwashwa kwetu Kongo, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwezi wa Juni 1959. Aliyeitafuta ni padri, Monsinyori Luc Gillon, rekta wa chuo na mwalimu wa fizikia. Waliiita TRICO. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50. Mwaka 1972 ikafuata TRICO II, yenye kilowati 1.000. Hazikutoa umeme wa kuwasha taa, sawa vile baraji yetu ya Ruzizi. Zilikuwa za masomo na utafiti.

Na wewe kijana wa mashimoni, ujue hii: uranium ya Shinkolobwe, kule Katanga, ndiyo iliyojaza sehemu kubwa ya kazi ya Wamarekani walipotengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945. Jiwe lilitoka kwetu. Basi si vibaya tujue ginsi moto wake unavyochungwa.

Mama, unapopika maharagi juu ya mbabula, ukiona kifuniko kinarukaruka unaondoa makala kidogo. Macho yako njo kipimo. Lakini ndani ya reakta hakuna anayeweza kufunua na kuchungulia. Kwa hiyo katika kijiti kimoja cha uranium wanatia nyaya mbili za metali tofauti zilizoungwa ncha. Ncha ile ikipata joto, inatoa umeme kidogo sana. Umeme ukiongezeka, mpimaji anajua joto limepanda. Tena vijiti vya aina ya TRICO vimechanganywa na zirkonium na hidrojeni, na mchanganyiko huo una tabia nzuri: ukipata joto sana, moto wenyewe unapungua bila mutu kugusa kitu. Ndiyo maana waliona inafaa kwa wanafunzi.

Hata hivyo, reakta mpya haiwashwi kwa mara moja. Inajaribiwa hatua kwa hatua: nguvu kidogo, simama, pima, linganisha na hesabu iliyoandikwa mbele, ndipo upande tena. Kuna njia moja ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata na kalamu yake. Wanafunga mashine za kupoza, wanaangalia maji ya pisini yanavyopata joto. Tuseme ni litri 20.000, na reakta inaendeshwa kwa kilowati 50: maji yatapanda karibu digrii 2 kwa saa moja. Yakipanda digrii 4, basi ile saa ya ukutani inayosema «50» inadanganya, na kazi inasimama.

Nani anasema isimame? Hapo ndipo penye shida, mpenzi msomaji, kuliko penye nyaya.

Tuchukue Chernobyl, katika Ukraine ya leo. Usiku wa 26 Aprili 1986 hawakuwa wanatengeneza umeme tu, walikuwa wanafanya jaribio. Walitaka kujua kama turbini inayozunguka bila mvuke mpya inaweza kusukuma pompi za maji mpaka injini za mazuti ziwake. Swali si baya. Lakini mupango wa jaribio ulitazamwa kama mambo ya umeme, haukupelekwa kwa wakuu wa usalama wa nyuklia ili wauchunguze na kuukubali. Mchana wakubwa wa umeme wa Kiev wakaomba wangoje, watu walihitaji umeme; wakangoja karibu saa tisa, na kazi ikaangukia timu ya usiku. Mashine ya kuleta maji ya haraka ilikuwa imefungwa. Mupango ulisema nguvu isiwe chini ya megawati 700. Ikaanguka mpaka 30, wakaipandisha kwa shida mpaka 200, wakaendelea. Muundo wa reakta yenyewe pia ulikuwa na kasoro ambayo wafanyakazi hawakuelezwa vizuri. Saa 7 na dakika 23 usiku ikapasuka. Wawili walikufa kwa ule mpasuko, na 28 wengine wakafa kwa mionzi katika miezi iliyofuata.

Kabla ya hapo, Marekani, 28 Machi 1979, katika Three Mile Island, halikuwa jaribio, lakini kipimo kilikuwepo. Maji yalivuja, vijiti vikapata joto kali, na kompyuta, ambayo haikupangwa kuandika zaidi ya digrii 371, ikaandika alama za kuuliza tu. Fundi mmoja akapima nyaya kwa mkono, akapata namba za kutisha. Wakubwa wakaona ni kipimo kibovu. Kumbe karibu nusu ya moyo wa reakta ilikuwa inayeyuka. Baadaye serikali ya Marekani ikalazimisha santrali zote ziwe na vipimo vinavyofika juu zaidi na vinavyosomeka wakati wa hatari.

Unauliza: «Sasa ile mambo ya Kinshasa inatuhusu nini, siye ba Bagira?» Mkataba wa kimataifa wa usalama wa nyuklia, wa mwaka 1994, unataka mwenye kuchunga santrali atengwe na mwenye kuiendesha. Kongo nayo ilitunga sheria yake ya kukinga watu na mionzi mwezi wa Oktoba 2002. Anayepima njaa asiwe yeye mwenye kushika ufunguo wa gala: wewe uliyefanya kazi shimoni, ambako mwenye shimo njo anakuambia miti inatosha kushika ukuta, unaelewa neno hili kuliko mutu wa ofisi. Shinkolobwe yenyewe ilikatazwa kuchimbwa Januari 2004; watu wakaendelea kuchimba, na Julai mwaka uleule udongo ukawaangukia.

Mwaka 2004 TRICO II nayo ilisimamishwa. Vijiti vyake vilibaki ndani ya maji, na maji yale yanahitaji mutu wa kuyaangalia. Kijiti kimoja kilichoibwa Kinshasa miaka ya nyuma kilikamatwa na polisi wa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wafanya magendo. Cha pili kilichoibwa pamoja nacho hakikuonekana.