Noeli ya Runingu: Meza, Makaa na Sindano

Huko Runingu, katika uwanda wa Ruzizi, baina ya milima ya Mitumba na mto uletao maji ya Kivu hadi Tanganyika, Noeli ni sikukuu ya ukoo mzima. Na aila irejeapo kutoka kanisani, jua limekwisha kupanda, staftahi na chakula cha adhuhuri huwa kitu kimoja: wali, sombe ya majani ya muhogo, na dagaa waitwao ndagala, waliovuliwa ziwani usiku kwa nuru ya taa.

Mkate nao wataka maarifa. Asiye na tanuri hutandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akautia moto, akaweka juu yake chombo chenye unga wa ngano uliokwisha kuumuka kwa hamira, akafunika kwa bati na kulipakia makaa. Na makaa ya chini ya sufuria sharti yawe machache kuliko ya juu, la sivyo mkate huungua kitako ilhali moyo wake ungali mbichi.

Mkate ukiiva taratibu, aila ipendayo kushona hutwaa masalio ya vitenge, ikayakata miraba sawasawa, ikayaunga safu kwa safu, ikayatia bitana ya shuka kuukuu, kisha ikapitisha sindano mpaka tabaka zote zishikane kuwa blanketi.

Tuzienzi kazi hizi, kwani humo binti na mvulana, wakiketi karibu na bibi yao, hupata elimu ya kipimo, subira na adabu bila ada yoyote.