Ndugu Salimbene wa Parma, kijana aliyekataa kurudi nyumbani



Katika somo la historia, sisi wa mwaka wa sita tulisikia jina la mutu mumoja ambaye hatukumujua hata kidogo: Salimbene wa Parma, Mwitalia, ndugu wa shirika la Fransisko wa Assisi. Mwalimu alimutaja dakika mbili tu, kisha akaendelea na mambo ya makaisari. Lakini magaribi, saa ya etudi, tulibishana juu yake mpaka kengele, na wadogo wa darasa la pili wakaja kuuliza tunagombania nini. Basi tunaeleza.

Wengine watauliza: juu ya nini gazeti la shule ya Waprotestanti linaandika habari za Mukatoliki wa zamani? Jibu ni fupi. Salimbene alizaliwa mwaka 1221, na ilibaki miaka 262 mbele Luther azaliwe. Karibu Wakristo wote wa Italia walikuwa chini ya Papa.

Baba yake, Guido wa Adam, alikuwa mutu wa feza na heshima katika muji wa Parma. Nyumba yao ilikuwa karibu kabisa na nyumba kubwa ya ubatizo. Siku ya Noeli ya mwaka 1222 inchi ilitetemeka kwa nguvu, na mama akaogopa ile nyumba ya ubatizo itawaangukia. Alikamata mabinti wawili, akakimbia nao. Mutoto mwanaume akabaki ndani ya kitanda chake. Mama alisema nyuma kwamba wale wasichana walikuwa wakubwa kidogo, kuwabeba ilikuwa rahisi. Salimbene alipokuwa muzee aliandika wazi kwamba juu ya jambo hili upendo wake kwa mama ulipunguka. Sisi tulicheka tuliposikia. Kisha tukanyamaza, sababu ni watu gani wanaoandika jambo la namna hii juu ya mama yao?

Tarehe 4 Februari 1238, akiwa na miaka 16, aliingia katika shirika la Wafransisko. Ndugu Elia, mukubwa wa shirika lote, alimupokea yeye mwenyewe. Baba akakasirika sana. Hakwenda kwa jirani kulia, alikwenda kwa Kaisari Frederiki wa pili! Kaisari akaandika barua kwa Elia ili mutoto arudishwe. Elia naye akawaandikia ndugu wa muji wa Fano, pahali kijana alipokuwa: kama mutoto anataka kurudi, aende, kama hataki, mumulinde.

Baba akafika Fano pamoja na watu wengi. Barua ikasomwa mbele ya wote. Kijana akajibu kwamba harudi, akatumia yale maneno ya Yesu juu ya mutu anayependa baba ao mama kupita Yeye (Mathayo 10.37). Baba akaomba kusema naye pembeni, wawili tu. Alimwambia asiamini ndugu hawa, akawatukana kwa neno ambalo hatuwezi kuliandika katika gazeti hili. Kijana akakataa tena. Hapo baba akamulaani mutoto wake, akamutoa kwa mashetani elfu, akajitupa chini mbele ya watu.

Hapa njo ubishi wetu ulianza. Wa kwanza wakasema: alifanya vizuri, wito ni wito. Wengine wakajibu: na yule muzee? Ndugu yake Guido, aliyekuwa na muke, naye aliingia kwa Wafransisko. Nyumba ya Adam ikakosa mutu wa kuendelesha jina. Salimbene mwenyewe alijua hivyo na aliandika hivyo. Kati yetu kuna mwenzetu ambaye jamaa inamungojea kijijini nyuma ya mutihani wa Serikali, naye anataka kwenda kusoma mbali. Magaribi ile hakusema neno hata moja.

Turudi kwa kitabu. Salimbene alitembea sana. Katika mwaka 1247 alikwenda Ufaransa, na huko alikutana na Ndugu Yohana wa Plano Carpini, aliyetoka kwa Wamongoli. Katika mwaka 1248, muji wa Sens, alimwona Mufalme Louis wa tisa anakuja kwa miguu, amevaa kama musafiri wa kwenda kuomba. Mufalme akakulisha ndugu wote, na mwandishi wetu hakusahau chakula: kunde mupya zilizopikwa na maziwa, samaki, muchele na maziwa ya lozi. Miaka karibu 35 ilipita, na bado alikumbuka sahani! Kwa wale wanaokula muhogo wa intèrna kila siku, ni jambo la kuelewa.

Alipokuwa kijana aliamini mafundisho ya wafuasi wa Yoakimu wa Fiore, waliosema zamani mupya itaanza mwaka 1260, na kwamba Kaisari Frederiki ni Mupinga Kristo. Lakini Frederiki akakufa Desemba 1250, mbele ya kutimiza yale mabaya yaliyotabiriwa. Salimbene alikataa kusadiki kifo hicho mpaka aliposikia Papa Innocent wa ine mwenyewe akikitangaza Ferrara. Mwaka 1260 ulipita vilevile. Tangu hapo, anasema, aliamua kuamini yale tu ambayo ataona.

Je, alishika neno lake? Si kila mara. Yeye njo anayeeleza kwamba Frederiki alitaka kujua watoto wachanga watasema luga gani kama hawasikii neno la mutu, akakataza walezi kusema nao, na watoto wote wakakufa. Habari hii hupatikana mara nyingi katika vitabu, lakini Salimbene hakuiona kwa macho, na alikuwa adui wa Kaisari. Tusiimeze haraka. Lakini adui huyu aliandika vilevile kwamba Frederiki alijua kusoma, kuandika na kuimba, na kwamba zamani yeye mwenyewe alimupenda.

Alianza kuandika kitabu chake kikubwa karibu mwaka 1283, akiwa muzee wa miaka 60 kupita. Ni kwa Kilatini, na maneno ya Kiitalia ya barabarani yanaingia humo, kama sisi tunavyochanganya. Kinafika mpaka mwaka 1287. Kurasa za mwanzo zilipotea, lakini zile zilizobaki, za mukono wake mwenyewe, ziko katika maktaba ya Vatikano. Ndani anasema na Agnes, binti ya ndugu yake Guido, yule aliyeacha muke. Agnes alikuwa sista huko Parma. Muzee alitaka ajue habari za jamaa yake, pamoja na babu aliyejitupa chini huko Fano.

Ubishi utaendelea Jumamosi, saa nane, katika darasa letu. Wadogo wanakaribishwa, lakini kila mutu alete kiti chake.